Mkalimani Aliyetoweka: Wahusika wa Mashimo ya Mfalme Sulemani kutoka Kitabuni hadi Runingani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mabadiliko yanayowapata wahusika wa riwaya ya kifantasia inapohamishiwa kwenye runinga. Kielelezo ni King Solomon's Mines ya Henry Rider Haggard (1885), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929), pamoja na tamthilia ya runinga ya sehemu mbili iliyorushwa na kituo cha Hallmark cha Marekani mwaka 2004. Hoja kuu ni kwamba runinga huwapokea wahusika wa riwaya kama lugha inavyopokea maneno ya mkopo: huwapanga katika ngeli zilizokwisha kuwapo. Mpangilio huo unamwondoa mkalimani aliyesimama katikati ya riwaya, na pamoja naye unadhoofisha haki ya mwenyeji kukataa. Ufafanuzi unamzingatia pia mtazamaji wa Arusha, mji ambao biashara ya vito si jambo la kusoma hadithini tu.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili alimfahamu Allan Quatermain mapema. Johnson, aliyekuwa mtumishi wa idara ya elimu ya Tanganyika na ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, alichapisha tafsiri ya riwaya hiyo mwaka 1929. Mwaka huo huo ilitoka pia tafsiri yake ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Inafaa kukumbuka kwamba Haggard aliandika kitabu chake kwa kushindana na hicho cha Stevenson. Basi mahasimu hao wawili waliingia Kiswahili kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Mwaka 1934 ikafuata Hadithi ya Allan Quatermain, riwaya ambayo matukio yake ya mwanzo yanapita Lamu, mto Tana na nchi ya Wamaasai.

Riwaya ya 1885 inahesabiwa na wahakiki miongoni mwa waasisi wa utanzu wa nchi zilizofichika, tawi la fantasia ambalo wasafiri wake huvuka jangwa au milima na kukuta ufalme usiomo katika ramani. Ufantasia wake haumo katika majoka wala katika miujiza ya waziwazi. Umo katika Gagool, ajuza ambaye umri wake hauhesabiki; katika pango ambamo wafalme waliokufa wanageuka mawe kwa matone ya maji ya karne nyingi; na katika milima pacha inayolinda nchi ya Wakukuana. Riwaya haisemi wazi kama Gagool ameishi vizazi vyote anavyodai. Utata huo ndio fantasia yenyewe.

Ngarenaro ni kata ya jiji la Arusha ambayo jina lake lina asili ya Kimaasai, lenye maana ya maji meusi. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania, hadithi za kigeni zimewafikia watu wa huko kwa njia zaidi ya moja: vitabu vya shule, runinga za nyumbani tangu vituo vya Tanzania Bara vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, na mabanda ya video ambamo msimulizi hufasiri filamu kwa Kiswahili huku akiongeza maneno yake. Njia hizo tatu hazimwoneshi mtazamaji wahusika wale wale. Tofauti hiyo ndiyo inayofafanuliwa hapa.

2.0 Utohozi na ngeli za runinga

Nadharia za uhamishaji wa kazi za fasihi zimekwisha kuachana na swali la uaminifu. George Bluestone, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu riwaya na filamu, alionesha kwamba mabadiliko hayaepukiki pindi maneno yanapoachia picha nafasi. Linda Hutcheon (2006) akaenda mbele zaidi kwa kudai kwamba kazi iliyohamishwa isomwe kama kazi kamili, wala isihukumiwe kama nakala yenye dosari. Msimamo huo unakubalika, lakini unaacha pengo: ikiwa mabadiliko ni lazima, ni utaratibu gani unaoyaongoza? Kwa nini mhusika huyu hukuzwa, yule hufutwa, na wa tatu hugeuzwa jinsia au umri?

Isimu ya Kiswahili ina mfano unaosaidia. Neno la kigeni linapoingia katika lugha hii halibaki na sarufi ya kwao. Neno kitabu lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na silabi ki katika mzizi wake. Kiswahili kikaisikia silabi hiyo kama kiambishi, na vitabu vikazaliwa. Kipilefti kikapata vipilefti kwa njia hiyo hiyo. Madigadi ni mfano wa ajabu zaidi, maana silabi ya mwanzo ilieleweka kuwa alama ya wingi, nayo ikakatwa ili kupata umoja digadi. Hakuna aliyekusudia kuharibu neno. Lugha pokezi ilitafuta katika umbo geni kitu kinachofanana na ngeli zake, na kilichofanana kikaamua hatima ya neno zima.

Runinga ya kibiashara nayo ina ngeli zake: shujaa wa kiume, mwanamke atakayempenda, adui wa ndani, adui wa nje, msaidizi mwaminifu. Mhusika wa riwaya anapoingia humo hutafutiwa ngeli. Akipatikana na sifa moja inayofanana na ngeli fulani, sifa hiyo huwa kiambishi chake, na zilizobaki hufuata upatanisho au hukatwa. Umri wa Gagool, uoga wa Quatermain na ukimya wa Umbopa ni mizizi iliyokatwa kwa namna hiyo.

3.0 Nasaba ya Elizabeth

Katika tamthilia ya 2004 Quatermain, aliyeigizwa na Patrick Swayze, anaajiriwa na Elizabeth Maitland (Alison Doody) kumtafuta baba yake aliyetekwa. Msomaji wa riwaya anaweza kudhani kwamba huyu ni mzao wa mhusika fulani wa Haggard. Sivyo. Katika riwaya Quatermain anamtahadharisha msomaji mapema kwamba hadithi yake haina mwanamke wa maana isipokuwa Foulata na Gagool, naye anajigamba kwa hilo. Safari inaanzishwa na Sir Henry Curtis anayemtafuta ndugu yake George, ambaye waligombana.

Elizabeth hakutoka kitabuni. Alitoka katika filamu zilizotangulia. Filamu ya 1937, ambayo Paul Robeson aliigiza kama Umbopa, ilimbuni Kathy O'Brien, binti anayemtafuta baba yake. Filamu ya MGM ya 1950, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki na Kati, ilimbadilisha binti kuwa mke anayemtafuta mumewe na kumpa jina la Elizabeth Curtis. Deborah Kerr ndiye aliyeigiza nafasi hiyo. Filamu ya 1985 ikarejesha binti na baba kupitia Jesse Huston, aliyeigizwa na Sharon Stone. Runinga ya 2004 ikachukua jina kutoka tawi la 1950 na kisa kutoka tawi la 1937 na 1985. Mwanafilolojia aliyezoea kulinganisha miswada ya tenzi ataitambua hali hii mara moja: mnakili amenakili kutoka nakala, na makosa ya pamoja ndiyo yanayofichua nasaba. Kazi iliyohamishwa hapa ni mapokeo ya skrini, na kitabu kimebaki kuwa babu anayetajwa kwa heshima tu.

Mabadiliko ya 1950 yanaonesha wazi zaidi jinsi ngeli inavyofanya kazi, kwa hiyo yanastahili kuangaliwa kwa kituo. Mwanamke alipoingia katika nafasi ya mtafutaji, Sir Henry Curtis, yule jitu wa riwaya anayepambana na mfalme Twala na kumkata kichwa, alilazimika kuondoka. Akawa mume anayetafutwa, na mwishowe mifupa pangoni. Kapteni Good akawa kaka wa Elizabeth. Pambano na Twala likabaki bila mpiganaji, ndipo akapewa Umbopa. Hili ni jambo la kustaajabisha. Katika riwaya mrithi halali anarejeshewa kiti chake kwa shoka la Mwingereza. Katika filamu anakipigania mwenyewe. Uamuzi wa kibiashara wa kuongeza mapenzi ulimzawadia Mwafrika ushindi ambao mtunzi hakumpa. Si kila mkato ni hasara, na mhakiki asiyeliona hilo atakuwa amerejea kwenye swali la uaminifu kwa mlango wa nyuma.

4.0 Quatermain: msimulizi anapopata mwili

Quatermain wa riwaya ana umri wa miaka 55, ni mfupi, mkonda, anachechemea kwa jeraha la simba, na anakiri zaidi ya mara moja kwamba ni mwoga. Msomaji hana budi kumwamini na kumtilia shaka kwa wakati mmoja, kwa sababu anachokiita uoga mara nyingi ni busara ya mwindaji aliyedumu kazini kuliko wenzake. Kejeli hiyo inategemea nafsi ya kwanza. Mtu anayejisema mwoga huku matendo yake yakisema vingine anaweza kuishi katika sentensi. Katika picha, matendo humeza maneno.

Swayze alikuwa na umri unaokaribia ule wa Quatermain wa kitabuni alipoigiza, na kwa hiyo tofauti haiwezi kuelezwa kwa umri. Tofauti ni ya mahali pa kusimama. Katika riwaya Quatermain ni jicho linalowatazama wengine, na Sir Henry ndiye mwili unaotazamwa. Kamera haina nafasi ya jicho lisiloonekana. Ilipompokea Quatermain ilimpanga katika ngeli ya shujaa, na sifa za Sir Henry (kimo, nguvu, umahiri wa vita) zikahamia kwake.

Jambo moja halikufutwa, nalo ni mwana. Katika riwaya Quatermain anakubali safari baada ya kupatana malipo ya pauni 500 na ahadi kwamba akifa, kijana wake Harry, anayesomea udaktari London, atalipwa pauni 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Hadithi yote inaandikwa ili Harry aisome. Tamthilia ya 2004 inamhifadhi mwana lakini inabadilisha uamilifu wake: Quatermain anarudi Uingereza na kukuta malezi ya mtoto yamechukuliwa na wakwe zake, na fedha za safari zinahitajika kwa ajili ya mawakili. Harry wa Haggard alikuwa msimuliwa, yaani masikio ambayo kwa ajili yake sauti ya baba ilikuwapo. Harry wa runinga ni kitu kinachogombewa mahakamani. Mtazamaji anapata sababu ya haraka ya kumhurumia shujaa, lakini hadithi imepoteza mtu wa kuambiwa.

Kuhusu Kapteni Good hakuna haja ya maneno mengi. Miwani yake ya jicho moja, meno ya bandia na uso ulionyolewa nusu vilikuwa kichekesho cha riwaya, na wahakiki wamevihusisha na masimulizi ya Joseph Thomson, msafiri aliyewashangaza Wamaasai kwa meno yake ya bandia. Katika runinga kichekesho hicho hakiwezi kubeba uzito ule wa kitabuni, kwa sababu kilitegemea Wakukuana kuamini kwamba wageni wametoka nyotani.

5.0 Gagool: umri uliokatwa

Katika riwaya Gagool anaingia kama kitu kabla ya kuwa mtu. Quatermain anaona umbo lililokunjamana linalotambaa kwa miguu na mikono, analilinganisha na nyani, na Kiingereza chake kinatumia kiwakilishi cha kitu mpaka uso unapofunuliwa. Hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina. Maneno kikongwe na kizee yana umbo la ngeli ya KI-VI lakini kwa kawaida huchukua upatanisho wa kiumbe hai: kikongwe alitambaa. Msimulizi akisema kikongwe kilitambaa, amemtoa yule mtu katika utu kwa silabi moja. Mfasiri yeyote wa ukurasa huo hana njia ya kukwepa; lazima aamue ni katika kitenzi kipi ki itageuka kuwa a, na uamuzi huo ni wa kimaadili kama ulivyo wa kisarufi.

Skrini haina uamuzi huo. Uso wa mwigizaji ni wa mtu tangu picha ya kwanza. Kwa kipimo hiki runinga inamtendea Gagool haki ambayo riwaya ilimnyima, lakini inamlipisha bei kubwa. Mwaka 2004 nafasi hiyo ilipewa Lesedi Mogoathle, mwigizaji kijana, na mchawi mkongwe akawa mchawi mwenye mvuto. Ngeli iliyompokea ni ile ya adui wa kike, ambayo runinga huipendelea ikiwa na ujana. Kilichokatwa ni umri, na umri ndio uliokuwa mzizi.

Gagool wa Haggard anatisha kwa sababu anakumbuka. Amewaona wafalme wakipishana, anajua njia ya hazina, anajua jinsi mweupe wa kwanza alivyoingia pangoni na kutoka mikono mitupu, naye anatabiri kwamba weupe wengine watakuja kwa wingi na kuimeza nchi. Ukiondoa ukatili wake, yeye ndiye maktaba ya Wakukuana, na riwaya inamwua kwa jiwe la mlango wa hazina anayoilinda. Mhusika wa namna hii si mgeni kwa msomaji wa fasihi simulizi ya Kiafrika: ni bibi kizee wa ngano anayejua kilicho chini ya jiwe, isipokuwa Haggard alimvika chuki. Kijana hawezi kubeba kumbukumbu hiyo hata akipewa maneno yale yale. Akisema kwamba ameyaona, mtazamaji husikia majivuno ambapo msomaji alisikia ushahidi.

6.0 Foulata na kazi ya ukalimani

Foulata ni msichana aliyeteuliwa kuchinjwa katika ngoma ya Twala, akaokolewa na Good, kisha akamuuguza mwokozi wake hadi akapona. Anakufa pangoni kwa kisu cha Gagool. Kabla ya kukata roho anamwambia Good kwamba anampenda na kwamba afadhali afe, kwa maana weusi na weupe hawawezi kuungana. Baadaye Quatermain anakiri, pasipo aibu kubwa, kwamba kifo hicho kiliwaepushia matatizo.

Ukurasa huo umehakikiwa mara nyingi kwa itikadi yake ya rangi, na ni sawa kuuhakiki hivyo. Kuna jambo la kiisimu ambalo hupitwa. Foulata hasemi na Good moja kwa moja. Anazungumza Kikukuana, na anamwomba Quatermain ayapeleke maneno yake kwa mpenzi wake. Tamko lake la mapenzi, pamoja na hukumu yake juu ya mapenzi hayo, linatufikia kupitia kinywa cha mwanamume ambaye ana sababu zake za kutaka uhusiano huo ufe. Je, alisema hivyo? Riwaya haitoi njia ya kuthibitisha, na hapo ndipo inapokuwa bora kuliko itikadi yake. Karibu kila neno la Mwafrika katika kitabu hiki limepita katika koo la mkalimani huyo mmoja.

Tafsiri ya Kiswahili iligeuza hali hiyo kwa namna ambayo huenda mfasiri hakuikusudia. Maneno ambayo Haggard aliyawazia katika lugha ya Kiafrika na kuyaandika kwa Kiingereza yalirudi katika lugha ya Kiafrika. Quatermain anapomfasiria Good katika kitabu cha Kiswahili, mkalimani na anayefasiriwa wanatumia lugha moja mbele ya msomaji, mshono unaonekana. Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mtu huyu anafasiri Kiswahili kwa Kiswahili, na swali hilo ni mlango wa kuingilia katika shaka iliyotajwa hapo juu.

Runinga iliufunga mlango huo. Mara Elizabeth alipokwisha kukaa katika ngeli ya mwanamke anayependwa, nafasi ya Foulata katika hadithi ilikuwa imejaa. Mapenzi yanayovuka rangi na lugha yalibadilishwa kwa mapenzi ya watu wawili wanaoelewana tangu sentensi ya kwanza, japokuwa wanagombana. Kiingereza kikawa hewa ambayo wote wanaivuta. Mkalimani hana kazi katika ulimwengu wa namna hiyo, na Quatermain, ambaye katika riwaya aliajiriwa kwa sababu ya ndimi zake kama ilivyokuwa kwa bunduki yake, akabaki na bunduki.

Nafasi iliyoachwa wazi haikai wazi daima. Katika mabanda ya video ya Tanzania ulijitokeza usimulizi wa filamu kwa Kiswahili, sanaa iliyompa umaarufu Derek Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu, na ambayo Matthias Krings ameichambua kwa kina. Msimulizi huyo hafasiri tu. Huwapa wahusika majina ya karibu, huwagombeza, hueleza fikra ambazo mwigizaji hakuzitamka, na humfanya mfalme wa kigeni aseme kama mzee wa mtaa. Mtazamaji aliyekaa katika benchi Ngarenaro husikia tena sauti inayosimama kati yake na mhusika, sauti anayoweza kuibishia. Kwa maana hiyo banda linafanana na riwaya ya nafsi ya kwanza kuliko linavyofanana na runinga ya sebuleni.

7.0 Umbopa, Ignosi na mawe yanayong'aa

Umbopa anajiunga na msafara kama mtumishi, lakini hataki mshahara. Quatermain anamshuku kwa hilo na kwa jinsi anavyozungumza na mabwana zake bila kujidhalilisha. Anapomkemea, Umbopa anajibu kwa utulivu kwamba huenda naye ni mtu wa ukoo. Ukweli unafichuka alipovua nguo na kuonesha alama ya nyoka iliyochorwa kuzunguka kiuno chake. Jina linabadilika: Umbopa alikuwa ngozi ya safari, Ignosi ndiye mfalme. Hadithi nzima inaweza kusomwa kama safari yake, ambayo weupe watatu waliifuata wakidhani ni yao.

Mwaka 2004 nafasi hiyo iliigizwa na Sidede Onyulo wa Kenya. Watazamaji wa filamu ya Kijerumani Nowhere in Africa (2001), iliyoshinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, wanamkumbuka kama Owuor, mpishi anayemfundisha mtoto wa wakimbizi Kiswahili na namna ya kuishi ugenini. Inasikitisha kidogo kwamba mwigizaji huyu alipata kuzungumza Kiswahili kingi alipokuwa mpishi, na alipokuwa mfalme akazungumza Kiingereza.

Kilele cha Ignosi katika riwaya ni maagano, wala si vita. Wageni wanapoomba ruhusa ya kuondoka anaumia, na anawaambia kwamba wanayapenda mawe yanayong'aa kuliko rafiki. Kisha anatoa amri: hakuna mweupe mwingine atakayevuka milima, hata akifika akiwa hai, hataki wafanyabiashara waje na bunduki na pombe, wala wahubiri, na likija jeshi atapigana nalo. Wageni watatu tu ndio watakaokaribishwa daima, na majina yao yatakuwa mwiko kutamkwa, kama yale ya wafalme waliokufa, ili yadumu. Kwa kitabu kilichotoka mwaka 1885, mwaka ambao mkutano wa Berlin ulihitimishwa, hotuba hiyo ni jambo zito. Mtunzi aliyeutumikia utawala wa Kiingereza kusini mwa Afrika alimpa mfalme wa kubuni haki ya kukataa, haki ambayo wafalme halisi walikuwa wakinyang'anywa.

Haki hiyo inahitaji kitu cha kukataliwa. Katika riwaya kitu hicho ni mawe, na wanaoyataka ni wale wale tunaowapenda. Kwa sababu hiyo hotuba inamchoma msomaji. Tamthilia ya 2004 inagawa mambo kwa namna nyingine. Wageni wema wanamtafuta baba, na tamaa ya hazina inapewa Warusi wanaowafukuzia njiani, ngeli ya adui wa nje ambayo mtazamaji wa Marekani alikuwa ameizoea tangu miaka ya vita baridi. Mgawanyo huo unawasafisha Quatermain na Elizabeth, nao unamwacha Umbopa bila shauri la kutoa. Hana sababu ya kuwafungia mlango watu waliokuja kwa upendo wa mzazi. Anabaki rafiki mwema aliyerudishiwa kiti, na shukrani zake zinajaza mahali palipokuwa na katazo.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni suala dogo katika burudani ya familia. Kwa mtazamaji wa Arusha si dogo. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, wilayani Simanjiro, mahali pekee duniani panapojulikana kuwa nayo, na kwa miaka mingi Arusha ndiyo iliyokuwa soko lake kuu. Maneno mwanaapolo, broka na kitalu ni ya mazungumzo ya kila siku katika eneo hili. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya Mererani, kwa hoja ya kuzuia madini kutoroshwa. Yawezekana watu wakatofautiana kuhusu ukuta huo, hasa wachimbaji wadogo wanaokaguliwa langoni kila watokapo; lakini swali lake ndilo swali la Ignosi: nani aingie, atoke na nini, na nani mwenye kauli. Riwaya iliyoandikwa na Mwingereza miaka zaidi ya 80 kabla ya jiwe hilo kujulikana ilimwachia mwenyeji aseme. Tamthilia iliyotengenezwa karne ya 21, yenye waigizaji wengi Waafrika na iliyopigwa katika ardhi ya Afrika Kusini, ilimpa heshima zaidi kwa sura na ikampunguzia usemi.

Chaguo la Johnson katika jina la kitabu linaonekana upya kwa nuru hii. Leo mfasiri angeandika migodi, neno lenye leseni, mitambo na wawekezaji ndani yake. Johnson aliandika mashimo. Shimo halimtaji mchimbaji wala mwenye hisa. Linasema tu kwamba ardhi ilikuwa na kitu, na kitu hicho sasa hakipo. Darasa la fasihi linaloilinganisha riwaya na skrini linaweza kuanzia hapo, kwa neno moja la jalada, na kuwauliza wanafunzi ni nani kati ya wahusika wa 2004 angeweza kulitamka neno hilo kwa maana yake kamili. Gagool wa kale angeweza. Ignosi wa maagano angeweza pia, na yamkini angelisema kwa Kikukuana, akimwacha mkalimani atafute la kufanya nalo.